Tangazo la Kifo cha Cherop

Sachangwan, upande wa juu
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Kwa dada yangu Chesang,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa kukubali yale ambayo hayana rufaa, boma la marehemu mzee Kimaiyo linatangaza kifo cha Cherop, kilichotokea ghafla alfajiri ya Jumamosi baada ya kuteleza na kuangukia mtaroni. Marehemu alikuwa mtulivu, alinyonyesha wengi, na hakuna siku aliyomsema mtu vibaya. Ameacha ndama mmoja, ndoo mbili tupu na mimi. Mazishi yamefanyika nyuma ya choo, mvua ikinyesha. Maua hayatakiwi.

Basi panguza machozi. Ni yule ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, yule aliyekupiga teke Krismasi ukasema hutarudi tena nyumbani. Sasa unaweza kurudi.

Sisi huku tu wazima, tukiondoa baridi na matope. Sijui wewe na huo moshi wenu wa Olkaria unaonuka mayai. Mama anakusalimia. Presha imetulia, mdomo haujatulia. Leo asubuhi ameniambia kwamba mtu wa miaka hamsini na mbili anayeshindwa kumtoa ng'ombe mtaroni anafaa naye atafutiwe mtu wa kumchunga.

Unajua mimi ndiye hutangaza matanga yote ya hapa, kipaza sauti mkononi na koti la kuazima. Nikaona marehemu wetu hawezi kwenda hivi hivi. Nimemtangaza pia kwenye grupu ya kijiji ya WhatsApp. Pole zimekuja nyingi, zingine kutoka kwa namba nisizozijua kabisa. Kumbe Cherop alikuwa na marafiki.

Naandika barua kwa sababu mama hupokea simu kwa sauti ya juu, na jirani wa tatu hujibu kabla yako. Kinyanjui wa karoti atakufikishia akishuka Naivasha.

Ndugu yako mkubwa,
Kirui


Olkaria
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Kaka Kirui,

Salamu zako nimezipata, na tangazo nimelisomea wenzangu jikoni. Wapishi watano wameacha ugali ukaungua, wakanichangia sukari ya matanga. Nimeila. Mungu amlaze pema huyo adui yangu.

Mimi ni mzima. Tunapikia zamu mbili siku hizi kwa sababu wanachimba kisima kipya cha mvuke, na wachimbaji wanakula kama wanachimba kwa meno.

Sasa tuache mchezo. Nilimpigia mama Jumatano. Nikamuuliza kama pesa za wazee za serikali zimeingia, akasema mwezi huu hakuna. Nikamuuliza mwezi uliopita, akasema zilikuja. Halafu akakata simu haraka, na unajua mama hakati simu. Kuna nini? Dawa zake za presha zinatoka pale, na ukiniambia ziko nitakuamini, lakini niambie kwa maneno yasiyo na mzaha.

Nimebandika bahasha kwa ugali. Kinyanjui ananitazama kama mtu anayejua kilichoandikwa ndani. Ukikuta imefunguliwa, niambie.

Dada yako,
Chesang


Sachangwan
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada Chesang,

Naomba unisome ukiwa umeketi. Hatujambo kiafya. Bahasha ilifika imefungwa, ila Kinyanjui aliniuliza, "Na ile presha ya mathe?" kabla sijaifungua, kwa hiyo fikiria mwenyewe.

Nimempeleka mama Molo kwa ajenti wa benki. Ajenti akabonyeza, akatazama mashine, akamtazama mama, akatazama mashine tena. Akanivuta kando kama daktari. "Boss," akasema, "huyu mathe ameandikwa marehemu."

Nikamwambia marehemu ndiye huyo amesimama hapo anachagua vitunguu.

"Mimi naona," akasema. "Mashine ndiyo haioni."

Basi Ijumaa tukaenda ofisi ya chifu, mimi na mama. Kuna karani mpya, msichana anaitwa Shantel, mpole, kucha ndefu. Akasema taarifa ya kifo ilifika kutoka kijijini na yeye akaipeleka mbele, ndiyo kazi yake. Ili jina lirudi, inatakiwa fomu ya kusema mama yuko hai, na itiwe sahihi na mzee wa kijiji.

Mzee wa kijiji ni nani? Nicodemus. Na ni nani hubeba kile kitabu cha vifo na vizazi kwapani kama Biblia? Nicodemus. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba juzi nimemwona na gambuti mpya.

Watu waliokuwa nje ya ofisi waliniuliza kumetokea nini. Niliwaambia wamuulize Nicodemus.

Mama hajui neno "marehemu" limetajwa. Nimemwambia mtandao umelala.

Ndugu yako,
Kirui


Olkaria
Jumapili, 18 Mei 2025

Kaka,

Nimekusoma mara tatu. Mara ya kwanza nimelia, mara ya pili nimekasirika, mara ya tatu nimeanza kukushuku. Nivumilie.

Simu ambayo ujumbe wa pesa huingia iko kwa nani? Kitambulisho cha mama kiko wapi, kwake au kwenye lile koti lako? Ajenti alisema hivyo mbele ya nani? Mbona mama aliachwa kando akichagua vitunguu?

Usiniambie nina roho mbaya. Ni wewe uliyeniambia tangi la maji limepasuliwa na radi, na mwaka mzima ukapita ndipo mtoto wako akasema uliligonga na trela. Ulinichekesha na ile radi hadi nikasahau kuuliza tangi liko wapi. Hiyo ndiyo tabia yako, Kirui. Watu wakicheka, hakuna anayeuliza.

Na Nicodemus? Yule yule aliyetembea kwenye mvua na kile kitabu chake hadi mama akaandikishwa kupata pesa za wazee? Tulipokuwa tunamzika baba, ni nani aliyesimama kwenye kaburi usiku kucha hadi mashine ya kupiga saruji ikafika? Baba yake alikuwa fundi wa reli Nakuru, akaja kwetu na sanduku moja, na Nicodemus hajawahi kuchukua hata hindi la mtu. Gambuti! Mvua inanyesha Mei, mtu asinunue gambuti?

Nijibu moja baada ya nyingine.

Dada yako,
Chesang


Sachangwan
Jumapili, 25 Mei 2025

Dada Chesang, mkaguzi mkuu,

Tumepokea barua yako na nyumba nzima imesimama wima. Tuko wazima. Ndama amekubali chupa.

Simu iko kwa mama, ndani ya soksi, ndani ya debe la unga. Kitambulisho kiko kwenye Biblia yake, kitabu cha Ayubu. Koti langu lina pakiti ya mbegu na risiti ya mbolea, uje upekue. Trela nilikiri. Mtu akikiri anasamehewa, au mnasoma Biblia nyingine huko kwa mvuke?

Kuhusu Nicodemus sikusema ameiba. Nimesema waulize. Sasa watu wameuliza. Kijiji kimegawanyika: wengine wanasema kuna wazee wengine "waliokufa" hivi hivi, wengine wanahesabu kuku wake. Jumanne chifu amemwambia aweke kitabu chini kwa muda, hadi mambo yaeleweke. Nimekutana naye njiani. Hakunisalimia. Mimi ndiye niliyesalimia, akapita.

Kwa hiyo fomu imekwama, kwa sababu mwenye kutia sahihi hana kitabu. Tutapata njia. Usiwe na wasiwasi kuhusu dawa.

Ndugu yako anayepimwa kwa mizani,
Kirui


Olkaria
Jumapili, 8 Juni 2025

Kirui,

Nilikuja nyumbani Ijumaa. Hukujua nakuja, nami nilitaka hivyo. Wewe ulikuwa Molo na karoti.

Nilimkuta mama mezani na kisu, anakata vidonge vya presha nusu nusu. Akasema kidonge kizima kinamfanya asinzie. Nikahesabu vilivyobaki, nikajua hakuna kusinzia. Ameshajua pesa zimekatika, Kirui. Amejua muda mrefu. Anakuficha wewe, na wewe unamficha yeye, na mnakaa nyumba moja. Nimemwachia dawa za miezi miwili. Hakikisha anameza nzima.

Halafu nikaenda kwa Nicodemus. Alinikaribisha chai, na mkewe Akoth akaniletea kiti. Hakukutaja hata mara moja. Aliniuliza tu, "Mama Kirui anatembea vizuri?" Hakuwa na kitabu. Pale kilipokuwa kinakaa, juu ya redio, kuna alama ya mraba isiyo na vumbi.

Halafu nikaenda kwa Shantel. Nilimwambia mimi ni binti wa marehemu. Alishika mdomo, akafungua droo, akanitolea karatasi mbili alizochapisha.

Sitakuuliza maswali mengi kama siku ile. Nina moja tu. Ni nani aliyemwandikia yule msichana kwamba mama yetu amezikwa nyuma ya choo?

Chesang


Sachangwan
Ijumaa, 20 Juni 2025

Dada yangu Chesang,

Salamu. Mama ni mzima, anameza nzima, mbele yangu, halafu ananionyesha ulimi kama mtoto wa nasari ili niamini.

Ni mimi.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kuandika maneno hayo mawili, na sasa yakiwa yamekaa hapo naona ni mafupi sana kwa taabu niliyoleta. Wacha nieleze yote, na nikianza kuchekesha unipige kofi ukija.

Lile tangazo la ng'ombe nililokuandikia lilikuwa refu. La kwenye grupu nililikata, kwa sababu kidole changu ni kinene na simu ni ndogo. Nikaacha ndama, nikaacha ndoo. Likabaki: "Boma la marehemu mzee Kimaiyo linatangaza kwa masikitiko kifo cha Cherop. Mazishi yamefanyika. Asanteni." Watu wa hapa walijua. Cherop kwao ni ng'ombe, alikuwa akiwaharibia kabichi. Mama walimjua kama Mama Kirui, na kwa watoto wote yeye ni Kogo, nyanya yao.

Lakini Shantel alikuwa ameingizwa kwenye ile grupu wiki hiyo hiyo, ili apate habari za vijiji. Hajui ng'ombe wetu. Anajua daftari la ofisi. Akalifungua akatafuta Cherop wa Kimaiyo, akapata mmoja: Cherop Kimaiyo, mwanamke, miaka sabini na saba, anapokea pesa za wazee.

Wewe na mimi, ni lini tulilisikia jina hilo likiitwa? Mimi nimezaliwa nikimwita mama. Baba alimwita "mama ya Kirui" hadi siku anakata roho. Mtu hamwiti mama yake kwa jina. Nililiona kwenye kitambulisho, ndiyo, kama unavyoona namba ya gari, unapita. Jina lilikaa bila kazi miaka hamsini, ndiyo maana ng'ombe yule alipozaliwa kwenye mvua, mama mwenyewe alisema, "Huyu ni Cherop," jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na hata yeye hakukumbuka kwamba anagawa jina lake. Labda alikumbuka. Sijamuuliza.

Yule msichana alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Aliniandikia kando: "Pole sana. Naomba kuthibitisha, ni kweli Cherop Kimaiyo ameaga?" Namba sikuijua. Nikafikiri ni mmoja wa vijana wa maziwa ananiendeleza mzaha. Chesang, nilifurahi. Mtu akikuendeleza mzaha unanona. Nikamjibu: "Ni kweli kabisa. Tumemzika nyuma ya choo, mvua ikinyesha. Alikuwa amezeeka, meno yalikuwa yamekwisha." Akanijibu, "Mungu awatie nguvu." Nikacheka peke yangu zizini.

Ile Ijumaa ya Mei tulipokwenda kwa chifu, Shantel alinigeuzia skrini. Niliyaona maneno yangu. Kwa hiyo nilijua tangu siku ile. Barua niliyokuandikia Jumapili, ya gambuti, niliiandika nikijua. Hapo ndipo penye kosa. La ng'ombe ni ujinga, la gambuti ni uongo.

Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo. Lakini Shantel alikuwa amemgeukia mama, akamuuliza kwa upole, ili kuhakikisha, "Kogo, wewe ndiye Cherop?" Na mama, na leso yake mpya, akamjibu, "La, mwanangu. Cherop alikufa mwezi wa nne. Aliteleza." Shantel akaandika. Mimi nikasimama pale kama gunia la viazi.

Tulipotoka nje, wanaume walikuwa wamekaa kwenye ukuta, na mmoja akaniita, "MC, kwani ni nani sasa amekufa?" Wote wakanitazama wakingoja niwachekeshe. Mtu wa kuchekesha hapendi kuchekwa. Hilo nilikuwa silijui hadi siku ile. Nikasema, "Muulizeni Nicodemus." Wakacheka. Ulivyosema ni kweli, watu wakicheka hakuna anayeuliza. Ila safari hii walicheka halafu wakaenda kumuuliza.

Kisha kila siku iliyopita ikafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Aliyetakiwa kutia sahihi kwamba mama yuko hai ni yule niliyemnyang'anya kalamu. Nililala nikilijua hilo na nikaamka nikilijua, na mama yuko chumba cha pili anakata vidonge.

Barua yako ilipofika nilimpelekea mama nikamsomea, hata pale pa choo. Nikamwambia yote. Akasema, "Nyuma ya choo, Kirui? Hata ng'ombe ulipaswa kumtafutia mahali pazuri." Halafu akaniambia nivae lile koti niende kwa Nicodemus, na nikikaribishwa chai nisinywe kabla ya kusema.

Nilikaribishwa. Sikunywa. Nilisema nikiwa nimesimama, Akoth akiwa mlangoni na sufuria. Nicodemus alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Gambuti zangu unazijua nilinunua lini?" Nikasema sijui. "Mwaka juzi," akasema. "Nilikuwa nazificha zisichakae." Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka. Akaniambia hataki nimwombe msamaha sebuleni kwake, kwa sababu sikumchafua sebuleni.

Basi Jumatano kulikuwa na baraza. Nilimwomba chifu nafasi. Wakaanza kutabasamu nilipoinuka, wakidhani kuna arusi. Nikawaambia kama nilivyokuandikia wewe, bila mapambo. Ilichukua muda mfupi. Ni ajabu, mimi niliyezoea kusimama saa tatu na kipaza sauti, nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mikono. Mtu mmoja nyuma akasema, "Aibu!" Nilimjua kwa sauti.

Chifu akamrudishia Nicodemus kitabu mbele ya watu. Nicodemus akakipangusa, ingawa kilikuwa safi, akafungua, akatoa ile fomu ya Shantel. Akasema fomu inamtaka mtu wa karibu amtaje aliye hai, mashahidi wakisikia, ndipo yeye aandike.

"Unamthibitisha nani?" akaniuliza.

"Huyu mama yangu," nikasema.

"Kitabu hakina mtu anaitwa Mama Yangu."

"Mama Kirui."

"Huyo pia hayumo."

Nilimtazama mama. Alikuwa safu ya kwanza, kiti cha plastiki, mikono kwenye magoti. Hakunisaidia. Alikuwa akinitazama kama anangoja kuona nitafika wapi.

"Cherop," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kijana anayevunja sauti.

"Wa nyuma hawajasikia," akasema Nicodemus, na hapo nikajua amenisamehe kidogo, kwa sababu alikuwa anafurahia.

"Cherop!" nikapaza sauti. "Cherop Kimaiyo!"

Na mama akaitika. Aliitika haraka, kwa sauti nyembamba nisiyoijua, na alikuwa ameshainuka nusu kutoka kwenye kiti, kama msichana aliyeitwa na mamake atoke kwenye mvua.

Nicodemus akaandika. Shantel anasema jina litarudi, hasemi ni mwezi gani. Ndama bado hana jina na mama ametukataza kumpa.

Bahasha hii sijaibandika. Nimemwambia Kinyanjui anaweza kusoma.

Ndugu yako,
Kirui wa Cherop